UZI: Manu Dibango hakuiacha jazz. Aliitembeza kila mahali

#1 Pulizo Refu (mleta uzi)

Wakuu habari zenu.

Kila Manu Dibango anapotajwa, hazipiti dakika nyingi kabla mtu hajaandika kwamba mzee alikuwa mwanajazz mzuri, ila pesa za disko zikamharibu. Kauli hiyo inaniuma, kwa sababu inafuta kazi ya mtu aliyepuliza saksafoni kwa zaidi ya miaka 60 na kufa bado ana ratiba ya maonyesho. Leo nitaandika kwa kirefu. Mwenye haraka apite, mwenye muda avute kiti.

Hoja yangu ni hii: Dibango hakuondoka kwenye jazz kwenda kwingine. Jazz ndiyo iliyomwezesha kuingia kwenye bendi ya rumba, ya twist, ya soul, ya reggae na ya salsa, na kila alipoingia akawa na la kusema. Kazi za kukodiwa ambazo watu wanazibeza ndizo zilizomlea. Soul Makossa, wimbo wake uliovuma kuliko zote, usingezaliwa bila hizo.

Tuanze mwanzo. Alizaliwa Douala, Kamerun, tarehe 12 Desemba 1933. Baba yake Myabassi, mama yake Mduala, nyumba ya Waprotestanti. Muziki wake wa kwanza ni kwaya ya kanisani, na naomba hilo mliweke akilini, maana ukisikiliza anavyopanga saksafoni na tarumbeta kwenye albamu zake utaisikia kwaya ile: sauti zinaingia kwa pamoja, zinajibizana, zinatulia.

Mwaka 1949, akiwa na miaka 15, akapandishwa meli kwenda kusoma Ufaransa. Wazazi walimfungashia kilo 3 za kahawa za kuipa familia iliyompokea. Ufaransa ilikuwa ndiyo kwanza inajikusanya baada ya vita, kahawa ilikuwa mali adimu. Kitabu alichoandika baadaye kuhusu maisha yake kimebeba jina la kilo hizo hizo 3.

Huko akajifunza piano, akawasikia wakubwa wa jazz wa Marekani, Armstrong, Ellington na Sidney Bechet, akakutana na Mkamerun mwenzake Francis Bebey aliyekuwa mbele yake kwenye mambo ya jazz. Saksafoni ilikuja baadaye kidogo. Masomo yakayumba, mtihani wa mwisho akashindwa, na mwaka 1956 baba yake akakata fedha za matumizi. Kijana akahamia Brussels.

Hapo ndipo muziki ulipokuwa ajira. Mpiga muziki anayekula kwa muziki hachagui. Mwenye klabu akitaka cha-cha-cha usiku huu, unapiga cha-cha-cha. Kesho wakija Wamarekani wanataka blues, unapiga blues. Huwezi kumwambia mtu aliyelipa kiingilio kwamba leo unajisikia kupiga Ellington peke yake. Lakini ukiwa na sikio la jazz, wimbo usioujua unaushika ndani ya beti mbili, unajua akodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) inaelekea wapi, unajua pa kujaza na pa kunyamaza. Wanaoajiriwa tena na tena ni wale wanaojua pa kunyamaza.

Naendelea chini.

#2 mama_rumba

Endelea mkuu, nimekaa kabisa. Sisi wa zilipendwa Dibango tunamjua kwa upande wa Kabasele. Hebu fafanua hapo. Alikuwa mwanachama wa African Jazz au alikodiwa tu studio?

#3 Pulizo Refu

Dada yangu umegusa sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Brussels ya mwaka 1960 ilijaa Wakongo. Mazungumzo ya uhuru yalifanyika pale, na Joseph Kabasele, Le Grand Kallé, alikuja na bendi yake ya rumba, African Jazz, ndipo ukarekodiwa wimbo wa Indépendance Cha Cha. Dibango alikuwa akipiga kwenye klabu iitwayo Les Anges Noirs, ambako wanasiasa na wanamuziki wa Kongo walikuwa wakipitia. Kabasele akamsikia. Akamchukua kurekodi, kisha mwaka 1961 wakaondoka wote kwenda Léopoldville, Kinshasa ya leo.

Kwa hiyo ndiyo, aliingia ndani ya bendi, na sikiliza jambo hili: pale alipiga sana piano, si saksafoni peke yake. Rumba ya wakati ule ilikuwa ya magitaa, na piano lilikuwa jambo geni kiasi. Ukipata rekodi za African Jazz za miaka ile zenye piano, tega sikio nyuma ya gitaa la Docteur Nico. Kuna mtu anadondosha akodi fupi fupi kwenye nafasi ambazo gitaa limeziacha. Hiyo ni tabia ya mpiga piano wa jazz anayemsindikiza mpiga solo.

Léopoldville alikaa, akafungua klabu yake, akatoa na twist iliyotamba mjini. Mwaka 1963 akarudi Kamerun akajaribu klabu Douala. Nchi ilikuwa kwenye vita vya ndani na kulikuwa na amri ya kutotoka usiku. Klabu ya muziki kwenye mji wenye amri ya kutotoka usiku, mwisho wake mnaujua. Mwaka 1965 alikuwa Ufaransa tena, akiwa na madeni, akitafuta bendi ya kumwajiri.

Akampigia ogani Dick Rivers, mwimbaji wa rock. Kisha Nino Ferrer, aliyekuwa na soul yake ya Kifaransa iliyopendwa sana, akamchukua naye kwa ogani, na Dibango akaishia kuwa kiongozi wa bendi hiyo. Miaka hiyo wanaompenda kwa jazz huiruka kama vile haikuwapo. Mimi naiona ndiyo chuo chake. Usiku baada ya usiku alikuwa akijifunza jinsi bendi ya soul inavyofunga mdundo, tarumbeta na saksafoni zinavyotumika kama ngumi fupi, na hadhira inachukua sekunde ngapi kuanza kucheza. Kwenye saksafoni mwenyewe alikuwa akimsikiliza sana King Curtis, mpulizaji wa soul wa Marekani.

#4 Besi Nzito

Mleta uzi, kazi nzuri, lakini naomba tusifunikane. Historia ya ajira siyo hoja ya muziki. Mtu wa jazz anapimwa kwa anachokifanya akipewa nafasi ya solo. Nionyeshe solo ya Dibango naweza kuiweka pembeni ya Coltrane au Sonny Rollins, vigogo wa saksafoni ya jazz. Soul Makossa naipenda, naicheza, ila ni wimbo wa kuchezea. Akodi haziendi popote. Ukiniambia hiyo ni jazz basi kila kitu ni jazz.

#5 Pulizo Refu

Besi Nzito, nashukuru kwa kulisema waziwazi, kwa sababu wengi wanalifikiria hivyo hivyo kimoyomoyo.

Sijasema Soul Makossa ni jazz. Nimesema ni wimbo ambao asiyetoka kwenye jazz asingeweza kuupiga vile. Tuusikilize.

Ni kweli akodi hazihami. Besi inazunguka mahali pamoja, gitaa linakwangua mdundo, ngoma haziachii. Sauti ya Dibango ni nzito, imewekewa mwangwi, na muda mwingi inaongea, haiimbi. Sasa saksafoni inafanya nini? Mpulizaji wa kawaida akipewa uwanja mtupu namna ile ataujaza noti. Dibango anatoa kifungu kifupi kisha anaondoa mdomo. Anaiacha besi ijibu. Anarudi na kifungu kile kile ila safari hii noti ya mwisho anaichelewesha, inaangukia nyuma kidogo ya mdundo. Anakirudia tena akiikwaruza sauti, unasikia pumzi na mate ndani ya chuma. Kwenye wimbo ambao akodi hazibadiliki, kitu pekee kilichobaki cha kubadilisha ni muda na rangi ya sauti, na hayo mawili ndiyo mtu anayoyasomea miaka mingi akimsikiliza Bechet.

Wapiga jazz wanaoishi kwa akodi nyingi wakipewa mdundo wa akodi moja, wengi wao huonekana wamepotea. Yeye alikuwa nyumbani.

Na kumbukeni ulivyotoka. Mwaka 1972 Kamerun iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, Dibango akatengeneza wimbo wa mashindano. Huo ulikuwa upande A wa santuri. Soul Makossa ulikuwa upande B, wa kujazia sahani. Kamerun ikaishia nafasi ya tatu na wimbo wa mpira ukasahaulika. Lakini nakala chache zilivuka bahari. David Mancuso, aliyekuwa akiendesha karamu za The Loft pale New York, akaiokota sahani hiyo kwenye duka la Brooklyn, akawa anaipiga kwenye karamu zake. Frankie Crocker wa redio WBLS akaichukua akaipigisha hewani. Watu wakaenda madukani kuitafuta, haipo. Bendi zikakimbilia studio kuurudia, nyingine kama Afrique zikaingia nao kwenye chati. Kampuni ya Atlantic ikanunua haki za kuutoa Marekani, na mwaka 1973 toleo lake mwenyewe likafika nafasi ya 35 kwenye Billboard Hot 100.

Fikirieni: wimbo wa Mwafrika, aliourekodi Ufaransa, wenye mtindo wa makossa wa Douala, unaingia chati ya pop ya Marekani bila mwimbaji anayeeleweka na wengi wao, ukisukumwa na saksafoni. Ukateuliwa na Grammy. Akapiga kwenye ukumbi wa Apollo, Harlem. Akapanda jukwaani na Fania All-Stars, vigogo wa salsa, na hakuhitaji kufundishwa, maana ladha ya Kuba alishaipiga miaka mingi kwenye rumba ya Kongo. Kila mlango uliofunguka New York alikuwa tayari na ufunguo wake kutoka kwenye kazi fulani ya kukodiwa.

#6 Santuri za Kale

Naongezea hapo kwa Besi Nzito. Hao hao uliowataja hawakujifungia. Sonny Rollins ndiye anayepuliza saksafoni kwenye Tattoo You ya Rolling Stones, 1981. Wayne Shorter kapuliza kwenye Aja ya Steely Dan, 1977. Phil Woods, mtu wa bebop (jazz ya kasi yenye akodi nyingi) hasa, mamilioni wanamjua bila kumjua kwa solo yake kwenye Just the Way You Are ya Billy Joel. Branford Marsalis mwaka 1985 aliondoka kwenye bendi ya ndugu yake Wynton akaenda kwa Sting, na maneno yalikuwa mengi kweli kweli. Huyo King Curtis aliyetajwa juu ndiye saksafoni ya Yakety Yak ya The Coasters, 1958, na ya Respect ya Aretha Franklin, 1967. Alikuwa akiongoza bendi ya Aretha hadi alipouawa Agosti 1971.

Na kwa upande wetu wa Afrika, Verckys alikuwa akiunguruma na saksafoni kwenye OK Jazz, bendi ya rumba ya Franco kule Kongo. Saksafoni ni chombo kinachoazimwa. Ndiyo maisha yake.

#7 Pulizo Refu

Santuri za Kale, ahsante sana. Niongeze tofauti moja ninayoiona. Rollins alipokwenda kwa Stones alikuwa mgeni mwalikwa, akamaliza akarudi kwenye bendi yake. Dibango hakuwa na kwa kurudi. Hakukuwa na lebo ya jazz iliyomsubiri, wala klabu ya kumwita mtu wao. Paris walimwona Mwafrika, walitaka ngoma. Baadhi ya watu wa Kamerun walimwona Mfaransa anayecheza na makossa yao. Marekani walimwona mtu wa disko. Mtu wa namna hiyo akibaki mzima kimuziki, ni kwa sababu sauti yake mwenyewe haibadiliki hata mazingira yakibadilika.

#8 Chati Kali

Wakuu, mimi wa kizazi cha juzi. Nilisikia ule mwitikio wa makossa kwanza kwa Rihanna, nikaja kujua ni wa Michael Jackson, leo ndiyo naambiwa ni wa mzee huyu. Alilipwa lakini?

#9 Pulizo Refu

Mdogo wangu, swali zuri na linauma.

Michael Jackson aliutumia mwitikio huo mwishoni mwa Wanna Be Startin' Somethin', wimbo unaofungua Thriller, albamu iliyotoka mwishoni mwa 1982. Dibango hakuombwa. Aliusikia kwenye redio kama watu wengine. Akadai haki yake na wakamalizana nje ya mahakama, akalipwa. Kisha mwaka 2007 Rihanna akatoa Don't Stop the Music wenye sehemu ile ile. Ruhusa ilikuwa imeombwa upande wa Jackson, Dibango akarukwa tena. Mwaka 2009 akafungua kesi Paris dhidi ya wote wawili, mahakama ikakataa kuisikiliza kwa misingi ya utaratibu.

Lionavyo jicho langu, hili ndilo lililomgharimu kuliko maneno ya mashabiki wa jazz. Mtu aliyepitia bendi za watu miaka 20 anajua kupiga kila kitu, lakini ajira hizo hazimfundishi kumiliki. Unalipwa jioni, unafunga saksafoni kwenye sanduku, wimbo unabaki kwa mwenye studio. Nadhani ndiyo maana baadaye alijiingiza kwenye masuala ya hakimiliki nchini kwake, hadi akawa mwenyekiti wa bodi ya Cameroon Music Corporation, shirika la kukusanya mirabaha ya wanamuziki. Kazi ngumu, yenye ugomvi mwingi, na hakudumu nayo.

Kijana, ukiwa unatengeneza midundo nyumbani, kipande cha sekunde chache unachokichukua kwa mtu kina mwenyewe. Mtafute, mwandike.

#10 Besi Nzito

Sawa mkuu, kwenye Soul Makossa umenifanya niirudie na nimesikia hayo ya noti kuchelewa. Hapo nakubali. Ila miaka ya 80 mbona umeiruka? Zile sinthesaiza, mashine za ngoma, zile ndizo ninazoziita kupotea njia. Ametafuta hit nyingine akaikosa.

#11 Pulizo Refu

Siruki, nilikuwa nasubiri uliseme.

Kwanza katikati hapo, kuanzia 1975 alikuwa Abidjan akiongoza orkestra ya redio na televisheni ya Ivory Coast, miaka minne hivi. Kazi ile ni ya kupanga muziki, kusindikiza waimbaji wa kila aina, kulea wapigaji vijana. Haina umaarufu, lakini mtu aliyekuwa ametoka juzi Apollo kukubali kukaa Abidjan na kufundisha bendi hakuwa anakimbiza chati. Kipindi hicho hicho akatengeneza muziki wa Ceddo, filamu ya Ousmane Sembène ya 1977.

Kisha akaenda Jamaika kurekodi Gone Clear, iliyotoka 1980, akiwa na Sly Dunbar kwenye ngoma na Robbie Shakespeare kwenye besi. Hebu isikilize kabla hujahukumu. Reggae ina nafasi nyingi kuliko makossa, mapigo yake yanaacha mashimo makubwa. Dibango hakuyaziba. Anapuliza nusu ya alivyopuliza New York, na kila noti inasikika hadi inapokufa.

Electric Africa ya 1985 ndiyo unayoilalamikia, nadhani. Mtayarishaji ni Bill Laswell, wamo mpiga piano wa jazz Herbie Hancock, Bernie Worrell wa Parliament-Funkadelic, na Foday Musa Suso kwenye kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi. Nakubaliana nawe kwamba ngoma za mashine zimezeeka vibaya. Kuna sehemu zinagonga mfululizo bila pumzi na saksafoni inabidi ipige kelele ili isikike. Lakini Hancock mwenyewe alikuwa anafanya mambo hayo hayo wakati huo, na hakuna anayesema Hancock aliiacha jazz. Kwa nini Dibango ndiye wa kuombewa? Ndiyo maana nikasema mwanzo kwamba kauli ile haimtendei haki. Mmarekani akivuka mipaka tunamwita mbunifu, Mkamerun akivuka tunamwita mfuata pesa.

Miaka ya 90 akashirikisha warapa wa London kwenye Polysonik, akafanya Wakafrika ya 1994 akiwakusanya Youssou N'Dour, Salif Keita, King Sunny Adé, Papa Wemba, Angélique Kidjo na Ladysmith Black Mambazo. Hiyo Wakafrika mimi naiona imejaa wageni kupita kiasi, mwenye nyumba hasikiki vya kutosha. Akafanya albamu ya nyimbo za kiroho. Akafanya na Wakuba wa Cuarteto Patria, CubAfrica, na pale ametulia kama mtu aliyekaa na ndugu zake.

#12 mama_rumba

Mkuu basi tupe pa kuanzia. Mtu hajawahi kumsikiliza kabisa, aanze wapi?

#13 Pulizo Refu

Dada, ningeanza na O Boso ya 1972, ile iliyotolewa Marekani kwa jina la Soul Makossa. Usikimbilie wimbo mkubwa. Sikiliza New Bell, jina la mtaa wa Douala. Pale utamsikia mpiga ogani wa Nino Ferrer, shabiki wa King Curtis na mtoto wa kwaya wakipanga wimbo mmoja.

Ya pili, rekodi za African Jazz za 1961 kwa ajili ya piano.

Ya tatu ni kwa Besi Nzito hasa. Mwaka 2007 Dibango, akiwa na miaka zaidi ya 70, alitoa albamu nzima ya nyimbo za Sidney Bechet. Hakuna makossa, hakuna mashine. Jazz ya zamani yenyewe, ya mtu aliyemsikia akiwa mwanafunzi Ufaransa. Bechet alikuwa na mtikisiko mkubwa wa sauti, kila noti ndefu inatetemeka, na wengi wanaompiga humwigiza hapo. Dibango kauacha mtikisiko huo. Anazishika noti zikiwa zimenyooka, kavu, halafu anazikata mapema, vile vile alivyokuwa akizikata mwaka 1972 mbele ya gitaa na besi. Umetaka solo ya kuweka pembeni ya wakubwa. Weka hiyo, usikilize albamu nzima, kisha uje useme.

Alifariki Ufaransa tarehe 24 Machi 2020 kwa Korona, akiwa na miaka 86. Mwaka mmoja kabla alikuwa bado jukwaani, safari hiyo akipiga nyimbo zake na orkestra ya simfoni.

Mwenye rekodi zake za Abidjan aziweke hapa, hizo ni ngumu sana kupatikana na ningependa tuzisikilize pamoja moja baada ya nyingine.